Masanamu ya Wakoloni: Nani Ameandikwa, Nani Amefutwa?

Wako wanaotuambia kuwa sanaa ya Ulaya ni pambo tu, haihusiani na dola. Ndugu Waislamu, tuyapime maneno hayo kwa mji mmoja, Dar es Salaam.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walisimamisha humo sanamu ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyeletwa mwaka 1889 kuuvunja upinzani wa watu wa pwani. Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Msanii alimweka Wissmann juu, na askari Mwafrika chini akimtazama.

Waingereza walipoiteka nchi waliiondoa sanamu ile. Je, waliiondoa kwa kumhurumia Abushiri? La hasha! Mwenye nguvu amebadilika, basi. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu, na huko wanafunzi wa Kijerumani wenyewe wakaiangusha mwaka 1967 na tena 1968.

Mwaka 1927 Waingereza wakaweka ya kwao: askari Mwafrika wa shaba, ameelekeza singe. Maneno yake aliyatunga Rudyard Kipling, yakaandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, hata kwa herufi za Kiarabu. Yanawasifu askari na wapagazi waliomfia mfalme. Mfalme wa nani? Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi, na jina la hata mmoja wao halimo.

Zingatieni basi: Mwafrika aliyekuwa miguuni pa Wissmann amepandishwa juu ya jiwe, lakini bado hana jina. Tarehe ilihamisha shaba. Kalamu ikabaki mikononi mwa mtawala.

Atasema mtu: ivunjwe! Nabii Ibrahim (a.s.) aliwahoji watu wake juu ya masanamu yao kabla ya kuyavunja. Nasi tuanze kwa kuhoji.

Wala tusiseme Murangi ni mbali. Vita vile vilifika katika Ziwa letu: Bukoba ilishambuliwa mwaka 1915, Mwanza ikatekwa 1916. Kila msikiti na ufungue daftari, uandike majina ya mababu waliobebeshwa mizigo na bunduki, maadamu wajukuu wao wangali hai. Tusipoyaandika sisi, tusimlaumu Kipling kwa kutoyaandika.