Eti ni Picha Tu!

Mwezi huu nawapeleka mbali kidogo, London ya miaka ya 1660. Mnivumilie.

Kisa kilianza chumbani kwangu. Niliona picha ya mwanamke kwenye simu ya mume wangu, simfahamu. "Ni picha tu, mama watoto," akajibu. Picha tu! Usingizi ukagoma, nikawa naangalia picha za kale kwenye intaneti, ndipo nikakutana na Catherine wa Braganza.

Binti huyu wa mfalme wa Ureno aliolewa na Charles II wa Uingereza Mei 1662, akiwa na miaka 23. Mahari ilitoka kwao, si kwa bwana harusi: Bombay, Tangier na fedha juu. Fundi William Faithorne akachonga sura yake, kavaa Kireno. Kamera hakuna enzi hizo. Unachonga mistari kwenye bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali, unajaza wino, unafuta uliobaki juu, halafu unagandamiza karatasi yenye unyevu kwa mashine. Bamba moja, nakala mamia, zinauzwa dukani kama kalenda. Yale magauni yake yaliyopanuliwa kiunoni yaliwachekesha sana watu wa mjini. Masikini, mgeni na Kiingereza hajui.

Sasa sikia hii. Bwana mkubwa alikuwa na nyumba ndogo, Barbara Villiers, na akataka mwanamke huyo awe mhudumu wa chumbani kwa malkia! Catherine akagoma. Siku walipokutanishwa alitokwa damu puani, akazimia. Mwisho wa yote akalazimika kumpokea.

Mwaka 1666 Faithorne yuleyule akachonga na sura ya Barbara. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyekuwa akiandika shajara, alinunua nakala 3 siku ileile zilipochapwa. Tatu! Naye ana mke nyumbani. Yaani Catherine aishi mji ambao picha ya mwenzie inaning'inia kwenye kuta za watu, na yeye ndiye mke wa ndoa.

Asubuhi nilimsimulia mzee mkasa mzima. Alikunywa chai kimya, kisha akachukua simu akaifuta ile picha mbele yangu.

Sijamuuliza kama ana nakala nyingine.