Tusiwafiche Wananchi Homa ya Chanjo

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Hata hivyo wapo watumishi wa umma ambao hawataki kuusikia usemi huo. Kila ijapo chanjo, wao husimama mkutanoni na kutangaza kwamba haina madhara hata chembe. Kauli hiyo si ya kweli, tena inaihujumu chanjo yenyewe.

Tukumbuke mwaka 2021. Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na kuzindua chanjo ya UVIKO-19, na watumishi wa afya wakawekwa katika kundi la kwanza. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba chanjo ile ya Janssen huweza kuleta maumivu ya mkono, uchovu na homa ya siku moja au mbili. Na kwamba, kwa nadra sana, huweza kugandisha damu. Kwa sababu hiyo Marekani iliisimamisha Aprili 13 mwaka huo, ikachunguza, ikairuhusu tena Aprili 23. Hayo hayakuwa siri. Kwa nini basi mwananchi afichwe?

Chukueni kata kama Ikolo, wilayani Kyela. Muuguzi akichanjwa leo na kesho akalala kwa homa, kijiji kizima kitajua. Asiyeelezwa mapema na mganga ataelezwa na mzushi. Isitoshe, katika bonde hili la mpunga na mbu homa hiyo yaweza kuwa malaria. Muuguzi anayeificha ili asiitie chanjo doa anajinyima kipimo, na huenda anayahatarisha maisha yake.

Ni dhuluma pia kumhesabu muuguzi huyo kuwa mtoro. Viongozi wapange zamu, watumishi wasichanjwe wote siku moja na zahanati ikabaki tupu. Mwenye homa apumzike na apimwe malaria. Matatizo yanayojitokeza yaandikwe na kufikishwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Walimu nao wasijitenge. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, iliyoenezwa nchini kote mwaka 2018, huwafikia wasichana shuleni. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba mkono utauma hatatishika. Aliyedanganywa hatamleta mtoto wake tena.

Chanjo ni ngao ya taifa, wala haihitaji kulindwa kwa uongo. Ndugu watumishi, tuwaambie wananchi ukweli.