Saikolojia Haina Wenyewe

Mwandishi aliyedai kwamba asiyesomea saikolojia katika shahada ya kwanza huingia fani hii kwa mlango wa nyuma amekosea, na kosa lake linakatisha tamaa watu tunaowahitaji.

Mwanasaikolojia Carl Rogers alianza chuo akisomea kilimo, akahitimu historia mwaka 1924, akapitia teolojia ndipo akageukia saikolojia. Jean Piaget, mwanasaikolojia mwingine, alipata udaktari wake mwaka 1918 kwa utafiti wa konokono. Nao waliingilia mlango gani?

Kule Uingereza, kozi ya uzamili ya kubadili fani, iliyoidhinishwa na chama cha wanasaikolojia, British Psychological Society, hubana katika takriban mwaka mmoja takwimu, mbinu za utafiti, ubongo, makuzi ya mtoto na tabia za watu, pamoja na utafiti wa mwanafunzi mwenyewe. Huo si mteremko. Wala haimruhusu mtu kutibu: anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba huko bado ana miaka 3 ya udaktari chini ya wasimamizi, kisha usajili. Mgonjwa analindwa hapo, si kwenye cheti cha kwanza.

Tena, mwalimu aliyemhudumia mtoto aliyeanza kujikojolea darasani baada ya kufiwa na mama yake haji mikono mitupu. Amekwisha kuona huzuni isiyosema. Anachokosa ni nadharia na vipimo, na hivyo vinafundishika.

Kama hoja ni ubora, tudai wasimamizi wengi zaidi na nafasi zaidi za mafunzo kwa vitendo. Tusiwazuie waliochelewa kufika.