Familia Isiyofiwa

Ni vigumu kumkataza kijana filamu ambayo neno lake kuu ni familia. Neno hilo halimtoki kinywani Dominic Toretto, kiongozi wa kundi la Fast & Furious, na mzazi aketiye kando akichambua mchele hulisikia akaona hapana ubaya. Basi na tuipime filamu ya kumi ya mfululizo huo, Fast X, iliyotoka Mei 2023, kwa neno lake lenyewe, tuone limebakiwa na uzito gani.

Haki itangulie. Filamu ya kwanza, ya mwaka 2001, ilikuwa kitu kidogo. Iligharimu takriban dola milioni 38, na kisa chake kilikuwa cha mitaa ya Los Angeles: vijana wanaoshindana kwa magari usiku, malori yanayoporwa vyombo vya umeme barabarani, na askari kijana, Brian O'Conner, anayejipenyeza katika kundi lao kisha moyo ukamshinda kuwasaliti. Wizi ulikuwa wizi, na aliyeendesha kwa ujinga aliumia. Mezani kwa Toretto palikuwa na desturi: atakayetangulia kunyosha mkono kwenye chakula ndiye atakayeomba dua ya kushukuru. Chupa za bia nazo zilikuwapo, na zipo hadi leo; hilo mzazi atalisemea mwenyewe. Lakini mtazamaji aliamini kwamba watu wale waliogopa kupotezana.

Katika Fast X hofu hiyo haipo, ijapokuwa kisa chote kimejengwa juu yake. Dante Reyes, anayeigizwa na Jason Momoa, ni mwana wa tajiri mhalifu wa Rio de Janeiro aliyeporwa sefu lake kubwa na kundi la Toretto katika filamu ya tano, mwaka 2011. Babake aliuawa katika mkasa ule. Sasa mwana amerudi kulipiza, na hataki kumwua Toretto upesi. Ataka kwanza amwone akipoteza wapendwa wake mmoja baada ya mwingine. Wazo lenyewe si baya hata kidogo. Kila mama aliyewahi kumsubiri mtoto aliyechelewa kurudi aweza kuingia ndani ya tishio hilo bila kusukumwa.

Ila tishio hulitisha jambo liwezalo kutokea. Letty, mke wa Toretto, aliuawa katika filamu ya nne, akarudi hai katika ya sita akiwa amepoteza kumbukumbu. Han aliungua garini huko Tokyo, na miaka kumi na mitano baada ya filamu hiyo ya 2006 akaingia mlangoni, salama salimini, katika ya tisa. Gisele alianguka kutoka ndege ikikimbia mwishoni mwa ya sita; katika Fast X anaibuka kutoka nyambizi kwenye barafu ya Antaktika, bila kovu. Baada ya hapo Dante atamtisha nani? Jakob, nduguye Toretto, anajitoa mhanga kwa ajili ya mtoto wa nduguye. Kitendo hicho kilistahili kututoa machozi, lakini mtazamaji anakaa kimya akihesabu ni filamu ngapi zitapita kabla hajarudishwa. Waandishi wamejinyima kwa mikono yao kile kilio walichokihitaji.

Nasema haya kwa sababu watoto wetu huizoea hesabu hiyo upesi. Mtoto wa miaka minane anayejua kwamba wafu wa Toretto hurejea huacha kuuliza aliyeachwa nyuma amekuwaje. Filamu yenyewe haiulizi. Letty alipodhaniwa kafa hatukuonyeshwa nyumba iliyofiwa zaidi ya mazishi mafupi, kisha injini zikawashwa.

Na yupo mwanamke mmoja ambaye hakurejeshwa. Elena, askari wa Rio, ndiye mama wa mtoto wa Toretto. Aliuawa katika filamu ya nane, mwaka 2017, mbele ya kichanga chake, kwa amri ya mwanamke aitwaye Cipher. Katika Fast X anayebisha hodi usiku mlangoni kwa Toretto ni Cipher huyo huyo, amejeruhiwa, ataka msaada. Mwisho wa filamu yeye na Letty wanatoroka gereza pamoja kama washirika. Isabel, nduguye Elena, yaani mama mdogo wa yule mtoto, anatokea Rio, anashindana kwa gari, kisha hadithi yaondoka Rio na kumwacha huko. Familia gani inayompa nafasi muuaji wa mama wa mtoto, na kumsahau ndugu wa marehemu? Si mara ya kwanza pia: Deckard Shaw, aliyeonekana kuwa ndiye muuaji wa Han, alikuwa ameshakaribishwa kwenye karamu ya familia mwaka 2017, na Han hajarudi bado. Kusamehe ni jambo kubwa, na filamu nzima ingeweza kutungwa juu yake. Hapa kunatokea tu bila mtu kusamehe.

Momoa peke yake ndiye anayeonekana kuipenda kazi yake. Anacheka, anacheza, anavaa rangi za kung'aa, na kila aingiapo filamu inaamka. Hata hivyo wazazi wajihadhari na tukio ambamo amekaa na maiti wawili, akiwapaka rangi kucha na kuzungumza nao kwa mzaha. Kwetu sisi tuliofunzwa kumstiri maiti, hilo halipiti kama kichekesho, na mtoto mdogo aweza kulala nalo.

Mambo ya nyuma ya pazia yanaeleza sehemu ya udhaifu huu. Justin Lin, aliyeongoza filamu tano za mfululizo huu, alijiuzulu siku chache tu baada ya kuanza kupiga picha, Aprili 2022, na Mfaransa Louis Leterrier akakabidhiwa jahazi likiwa tayari baharini. Gharama zilifika takriban dola milioni 340. Mapato ya dunia nzima yalizidi kidogo milioni 700, nusu ya yale ya filamu ya saba, iliyovuka bilioni moja na nusu mwaka 2015. Na kumbukeni kwamba kumbi za sinema huchukua sehemu yake kubwa. Fedha hizo zaonekana: bomu la duara linabingirika mitaa ya Roma hadi mto Tiber, gari linateremka ukuta wa bwawa. Kisha, baada ya zaidi ya saa mbili, hadithi inakatwa: Toretto na mwanawe wako chini ya bwawa lililotegwa mabomu, na ndege ya wenzao imetunguliwa. Mnunuzi wa tiketi hakuuziwa mwisho.

Kwa nyumba itakayochagua moja, ningependekeza hiyo ya saba, pamoja na mbwembwe zake za kurusha gari kutoka jumba hadi jumba huko Abu Dhabi. Paul Walker, aliyemwigiza Brian, alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2013 kabla haijamalizika, akiwa na miaka 40, na ndugu zake wawili wakasimama mahali pake ili ikamilike. Kuagana kwa mwishoni ni kwa dakika chache na hakuna mlipuko. Hadithini Brian ameachwa hai, analea watoto mbali na kamera. Vijana wakiuliza kwa nini haonekani tena katika karamu za familia, waambiwe.