Onyo Linalokuja na Tingatinga

Kila mafuriko yanapoua watu Kenya, hakosi kiongozi wa kusimama mbele ya kamera na kudai kwamba wananchi walionywa wakakaidi. Naikataa kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Inawahukumu marehemu na kuwaachilia huru waliokabidhiwa kazi ya kuwalinda.

Turudi Oktoba 2023. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutabiri vuli ya El Niño. Kisha Rais William Ruto mwenyewe akawatuliza watu kwamba mvua itanyesha kwa wingi, lakini haitafikia kiwango cha El Niño ya uharibifu. Kufikia Desemba, zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa, na Garissa, Mandera na Tana River familia nzima nzima zilikuwa zimepoteza makazi na mifugo. Dola ikimpinga hadharani mtaalamu wake yenyewe, aliyejenga ukingoni mwa mto amwamini nani msimu unaofuata?

Msimu huo ulikuja na ghadhabu zaidi. Kati ya Machi na Mei 2024 vilitokea vifo karibu 300. Alfajiri ya 29 Aprili, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli juu ya Mai Mahiu, mahali ambapo kalvati liliziba, yalifumuka na kuvamia vijiji. Makumi ya watu waliangamia. Utabiri wa mvua kubwa ulikuwapo, ila utabiri hauzibui kalvati. Mkaidi ni nani hapo? Watu walikuwa usingizini.

Baada ya hapo serikali ikaamka na amri: wanaoishi kandokando ya mito na karibu na mabwawa 178 wahame, wakipewa muda mfupi tu. Mathare, Nairobi, watu ambao mto ulikuwa umewatoa nyumbani waliona tingatinga likibomoa kilichobaki. Waliahidiwa shilingi 10,000 kwa kila kaya, wakajitafutie pa kwenda. Hilo ndilo kosa lisilosameheka. Serikali ilichukua onyo, chombo cha kuokoa maisha, ikaligeuza notisi ya kufukuza maskini. Mama aliyeyaona hayo, ukimtumia ujumbe wa tahadhari masika ijayo, atasikia ngurumo ya tingatinga kabla ya ngurumo ya mto.

Anayebaki nyumbani maji yakipanda si mjinga. Amepiga hesabu. Akiondoka, mabati na cherehani vitaibwa. Kodi ya mwezi ameshalipa. Shule anayoambiwa akimbilie huenda haina choo cha kutosha, na ikifunguliwa atatakiwa kutoka. Hata taarifa ya tahadhari yenyewe inamhesabia milimita za mvua, wakati anachotaka kujua ni kama maji yatafika mlangoni kwake, saa ngapi, na ashike njia ipi.

Hesabu hiyo inaweza kubadilishwa. Bangladesh walikuwa maskini kuliko sisi walipoanza kuibadilisha. Kimbunga cha 1970 kiliwaulia watu laki kadhaa. Kuanzia 1972 wakajenga jeshi la wanaojitolea vijijini, leo wako makumi ya maelfu, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipaza sauti. Wakajenga majengo ya kukimbilia, na vilima vya udongo vya kuhifadhia ng'ombe, kwa sababu walielewa kwamba mfugaji hamwachi ng'ombe wake afe. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni 2 walihama, na waliokufa walihesabika kwa makumi. Mwenye kuwagongea mlango alikuwa jirani, na walijua watarudi kwao.

Sisi hatuna kisingizio. Kabla ya masika ijayo, kila chifu wa Mathare, Budalang'i na bonde la Tana abandike ukutani jina la jengo la kukimbilia, nani atalinda mali, na ahadi iliyotiwa saini kwamba hakuna nyumba itakayobomolewa wenyewe wakiwa wamehama kwa tahadhari. Chini ya ahadi hiyo liwepo jina la afisa atakayefikishwa mahakamani ikivunjwa.