Muthokoi Upewe Nafasi Yake Katika Kiswahili

Katika masoko ya Ukambani, na Mbumbuni katika kaunti ya Makueni haliko nje ya desturi hiyo, duka la rejareja na hoteli ya chakula ni ndugu wa toka nitoke. Upande huu pana unga, sukari na sabuni. Upande ule pana sufuria za muthokoi, ndengu, chapati na chai. Mlaji huketi akala, au hufungiwa chakula chake akaenda zake. Mpishi, mwenye duka na mteja huelewana kwa Kikamba na Kiswahili bila taabu yoyote.

Taabu huanza kwenye ubao wa bei. Katika hoteli nyingi za Kenya, ubao huo huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo pengine hakuna aliyeitumia pale tangu asubuhi. Mzee asiyeisoma hana budi kuuliza, au kunyoosha kidole kwenye sufuria. Je, ni haki mtu kuagiza chakula cha shamba lake mwenyewe kwa kidole?

Wengi watadai kwamba hili ni jambo dogo. La hasha! Lugha huishi pale fedha zinapobadilishana mikono. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inaitaka dola kukuza lugha za kiasili. Ikiwa lugha hizo zinashindwa kuandikwa juu ya sahani ya chakula, Katiba itabaki kupambwa kwa wino tu.

Hata hivyo, lawama zote zisitupiwe mwenye hoteli. Wasomi wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anayetoka Makueni huandika “choroko” katika insha yake, kisha nyumbani hula “ndengu”. Akifika kwenye muthokoi, kalamu husita. Wapo wanaomshauri aandike “pure” au “kande”, kwa hoja kwamba Kiswahili tayari kina maneno hayo.

Hoja hiyo haina mashiko. Pure ni mahindi yaliyopikwa pamoja na kunde au maharagwe, nayo hukaribiana zaidi na kile Wakamba wakiitacho isyo. Muthokoi ni mahindi yaliyotiwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni hadi maganda yakatoka, kisha yakapikwa kwa maharagwe, kunde au mbaazi. Kinu na mchi ndivyo vinavyotenganisha vyakula hivi viwili. Kuviita kwa jina moja ni kuifuta kazi ya mtwangaji. Kande ya Tanzania ina undugu wa karibu na muthokoi, lakini undugu haumlazimishi mtu kuliacha jina lake. Mbona mkahawa, mgahawa na hoteli yanaishi pamoja bila ugomvi?

Isitoshe, Kiswahili hakijawahi kuwa mchoyo mezani. Chapati, sambusa, pilau na chai ni maneno yaliyotoka ng’ambo, yakapewa ngeli, na leo hakuna anayeyaita wageni. Kama lugha hii iliyapokea maneno yaliyovuka bahari, itakuwaje ilifungie mlango neno linalotoka kwenye kilima cha jirani?

Mfano mzuri uko kwa Wafilipino. Kwao, hoteli ndogo ambazo mlaji huonyesha kwa kidole sufuria anayoitaka huitwa turo-turo, jina linalotokana na neno lao la kuonyesha kwa kidole. Walipohamia nchi za mbali, kama vile Marekani, walifungua maduka ya vyakula yenye meza ya mlo ndani yake, na majina wakasafiri nayo. Supu yao chachu, ambayo mara nyingi hutiwa ukwaju, iliendelea kuitwa sinigang. Mwaka 2015, kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford iliingiza maneno kadhaa yao, yakiwemo sinigang, pancit na sari-sari, yaani duka la vitu mchanganyiko. Kidole chao kilielekea kwenye sufuria, lakini ulimi wao haukuliacha jina.

Kinachohitajika ni kazi, wala si maombolezo. Kila mwanachama wa chama cha Kiswahili, arudipo likizoni, akusanye majina ya vyakula vya soko la kwao: maana, namna ya kupika na matumizi katika sentensi. Maswali ya kitaaluma yapo tele. Je, iandikwe muthokoi au mthokoi? Je, tuseme “muthokoi huu umeiva” katika ngeli ya U-I, au “muthokoi hii imeiva” kama wasemavyo wengi mitaani? Wahadhiri wayapeleke maswali hayo darasani, na watunga kamusi wapewe majibu. Kisha mwanafunzi amwendee mwenye hoteli wa kwao, amwombe chaki, wauandike ubao pamoja kwa lugha ambayo kila mlaji ataisoma.

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kiswahili kitakachoshiba ni kile kitakachokubali kula kwenye sahani za watu wake wote.