Ianzie kwa Wenye Mizani

Ukanda wa chai wa Kericho na Bomet haukosi wahubiri wa kujiendeleza. Redioni, kanisani, kwenye semina za vijana na mikutano ya vyama vya akiba na mikopo, ujumbe ni ule ule: badilisha fikra zako, usijidharau, amini kwamba unaweza. Ni ujumbe mzuri na sina haja ya kuubeza. Kinachonisumbua ni orodha ya wanaohubiriwa. Yumo mchumaji chai anayelipwa kwa kilo, yumo mkulima wa robo ekari, yumo kijana aliyetoka na D katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Meneja wa shamba kubwa hayumo, wala mwalimu mkuu, wala mkurugenzi wa kiwanda. Ni kana kwamba tumekubaliana kuwa fikra mgando ni ugonjwa wa wanaopimwa, na wanaoshika mizani walishapona zamani. Nitatetea kinyume chake: imani kwamba mtu anaweza kujifunza na kuwa bora huzaa matunda pale inapokuwa imewaingia kwanza wenye uwezo wa kumpima, kumlipa na kumpa nafasi.

Wazo lenyewe lilienezwa na Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 2006, Mindset. Anaeleza kwamba wapo wanaoamini akili na kipaji ni vitu vya kuzaliwa navyo visivyoongezeka, na wapo wanaoamini kuwa hukua kwa juhudi, kwa kubadilisha mbinu na kwa msaada wa wengine. Hao wa pili huanguka wakainuka. Waliolidandia wazo hili wengi waliyaacha mambo mawili ya mwisho njiani, mbinu na msaada, wakabaki na juhudi peke yake, maana juhudi haimgharimu mhubiri hata senti. Kisha takwimu zikaja kupunguza shamrashamra. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari nchini Marekani, waliopewa somo la chini ya saa moja kwenye kompyuta kuhusu ubongo unavyoimarika kwa kutumika. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda, lakini kwa sehemu ya kumi tu ya alama, katika mfumo ambao alama ya juu ni nne. Kwa somo fupi na rahisi kiasi hicho si haba, ila si muujiza. Mwaka huo huo, jaribio kubwa katika shule za msingi za Uingereza halikuona nyongeza yoyote ya maendeleo.

Mwenye pupa ataishia hapo na kusema yote ni porojo. Waliochimba zaidi walikuta jambo la maana. Mwaka 2022 watafiti wa ule utafiti wa Marekani walirudi kuwatazama walimu, wakaona kwamba somo lile lilipandisha alama za hisabati katika madarasa ambayo mwalimu mwenyewe aliamini uwezo hukua. Kwa mwalimu asiyeamini hivyo, halikufua dafu. Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Science Advances, uliangalia wahadhiri 150 wa sayansi na hisabati pamoja na wanafunzi wao zaidi ya 15,000. Katika madarasa ya wahadhiri walioamini kwamba akili haibadiliki, pengo la alama kati ya wanafunzi weupe na wale wa jamii zilizobaguliwa lilikuwa karibu maradufu. Mwanafunzi aweza kujiamini atakavyo. Akiketi mbele ya mtu aliyekwisha kumkatia tamaa, kujiamini kwake hakuna pa kushika.

Kericho ina ushahidi wake wa zamani kuliko huo wa vyuo vikuu. Chai ya biashara ilishika mizizi hapa katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipoingia kwenye ardhi ambayo wenyeji Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Kwa takriban miongo mitatu Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai na asiruhusiwe kuipanda. Hoja iliyorudiwa ilikuwa ya uwezo: chai ni zao gumu, linataka mtaji, nidhamu na utaalamu, na mkulima mdogo angeharibu ubora na kuishusha bei ya wote. Wangesema hivyo leo, wangeitwa wabaguzi bila kusita. Wakati ule waliitwa wataalamu. Mpango wa Swynnerton, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1954, ndio uliofungua mlango, na mwaka 1964, mara baada ya uhuru, likaundwa shirika la chai la KTDA la kuwahudumia wakulima wadogo. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000 nchini kote, na chai yao ni zaidi ya nusu ya chai yote ya Kenya. Hakuna aliyewabadilisha kwa semina ya kujiamini. Walipewa miche, walitembelewa shambani na maafisa wa ugani, walijengewa vituo vya kununulia majani karibu na maboma yao, na kilichojazwa kikapuni kiliwarudia mfukoni mara mbili, kwanza kwa malipo ya mwezi na tena kwa bonasi. Karani alipoyarudisha majani yaliyokomaa, mkulima alijua sababu, kwa kuwa kanuni ya majani mawili na kichipukizi ilikuwa wazi kwa wote wawili. Watu walikuwa wale wale wa tangu mwanzo. Kilichogeuka ni dhana ya waliokuwa juu yao, nayo dhana hiyo ikaja na vifaa.

Isitoshe, watu wa ukanda huu wanalijua jambo hili vizuri katika uwanja mmoja, nao ni riadha. Mgeni akija husema Wakalenjin wamezaliwa na mbio miguuni. Kocha wa Londiani akimsikia hucheka, kwa sababu anajua idadi ya vijana wenye miguu hiyo hiyo ambao hawajawahi kushinda hata mbio za tarafa. Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho, aliiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na miaka minne baadaye akachukua fedha Mexico. Alikuwa mwanajeshi, na jeshi ndilo lililokuwa na uwanja, ratiba na mashindano ya kumnoa. Tazama na Beatrice Chebet, binti wa Kericho: fedha ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya 2022, kisha shaba 2023. Mwenye kuamini kipaji cha kuzaliwa angesema hapo kwamba ameanza kushuka. Mei 2024 akawa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 29, na miezi michache baadaye akaondoka kwenye Olimpiki ya Paris na dhahabu mbili. Katika riadha tumejenga kila kitu tukijua kwamba muda wa leo ni taarifa ya kumsaidia kocha kupanga mazoezi ya kesho. Ajabu ni kwamba mzazi yule yule anayemngoja mwanawe misimu mitano aive mbioni humtoa maanani katika hesabu akiwa darasa la sita, akisema mtoto huyu kichwa cha hesabu hana.

Sasa turudi kwenye chai, ambako hali ya leo haifanani na ile ya mwanzo. Bonasi ya mwaka 2025 iliwatia wakulima wengi wa Kericho na Bomet uchungu, ilipotangazwa kuwa ya chini sana ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki mwa Bonde la Ufa, na watu wakaandamana. Mojawapo ya maelezo yaliyotolewa ni ubora wa majani. Tuchukulie kwamba maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Swali linalofuata ni hili: mkulima wa Mogogosiek akiamua kuboresha majani yake, atajuaje kwamba amefaulu, na atapata nini? Kituoni, jani likishapokewa, kilo ni kilo. Majani ya aliyechuma kwa makini yanapakiwa lori moja na ya jirani aliyevuta hadi vijiti, yanasagwa pamoja, na bonasi inapigwa kwa kiwango cha kiwanda kizima. Aliyejifunza na asiyejifunza hulipwa sawa. Ukimwona mtu huyo baada ya miaka kadhaa amelegea, anauza kwa mawakala wa viwanda binafsi wasiouliza maswali, usiharakishe kumwita mgumu wa kubadilika. Amejifunza barabara kile ambacho mfumo unamfundisha.

Hata chai ya zambarau inatoa onyo la namna hiyo. Taasisi ya utafiti wa chai, iliyoko Kericho tangu mwaka 1951, iliitoa aina hiyo kwa wakulima mwaka 2011 baada ya kazi ya miaka mingi. Waliokuwa wepesi kupokea jambo jipya, ndio hao wenye fikra za kukua tunaowasifu, walitenga vipande vya shamba wakapanda. Viwanda vya kuisindika peke yake vikawa vya kuhesabu, soko likachelewa, na wengi wakaishia kuiuza kwa bei ya chai ya kawaida. Wazito wa kubadilika ndio waliolala usingizi mzuri.

Kuna watakaonijibu kwamba ninawapa watu kisingizio: nikisema mwenye mizani aanze, basi mwenye kikapu atakaa amngoje. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuikwepa. Juhudi ya mtu binafsi haina badala yake, na wapo waliotoka katika nyumba za vibarua za mashamba ya chai wakafika mbali bila kufunguliwa mlango na yeyote. Ila tunawataja kwa majina kwa sababu ni wachache. Sera haijengwi juu ya wachache wasiozuilika. Hujengwa kwa ajili ya walio wengi, wenye uwezo wa kawaida na subira ya kawaida, ambao watajaribu mara mbili au tatu wakiona dalili ya faida na wataacha wasipoiona. Kuacha huko nako ni akili.

Wengine watasema mtu mzima hafundishiki, na watanikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo imewaponza wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science uliwafuata wenye biashara ndogo 1,500 mjini Lomé, Togo, watu wazima waliokwisha kuzoea kazi zao. Kundi moja lilifundishwa uwekaji hesabu na usimamizi wa kawaida. Kundi lingine lilifundishwa kuanzisha mambo bila kusukumwa, kutazamia vikwazo na kuvumilia vikifika. Faida ya hili la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya lile la kwanza kwa takriban asilimia 11, kiwango ambacho watafiti hawakuweza kukitofautisha na bahati. Kwa hiyo fikra za mtu mzima hubadilika, na zikibadilika huleta pesa. Lakini angalia hali ya wale wa Lomé: kila mmoja alikuwa na duka au kibanda chake, na faida iliyoongezeka ilikuwa yake usiku huo huo. Mkulima wetu wa chai hana hali hiyo, na mchumaji wa shamba kubwa ndiye hana kabisa.

Huyu mchumaji ndiye anayeibana hoja yangu zaidi. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia kazi zao, na ghasia hizo zikaandikwa na magazeti ya dunia nzima. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Hakuna mtazamo utakaoifuta hesabu hiyo, na kumwambia aliyeachishwa kazi kwamba tatizo ni fikra zake ni dhihaka. Nakubali. Hata hivyo, dhana ya uwezo usiokua ilikuwepo pia katika maamuzi yaliyotangulia moto ule. Mwanamke aliyechuma miaka kumi na tano analijua shamba lile kichaka kwa kichaka: wapi maji hutuama, wapi kupogoa kulifanywa vibaya, jani lipi litakataliwa kiwandani. Katika vitabu vya kampuni ujuzi huo hauna safu. Yeye ni kilo. Mwajiri aliyemwona hivyo tangu siku ya kwanza hawezi, siku mashine inaposhuka kwenye lori, kumfikiria kuwa fundi wake, msimamizi wa ubora wake au mwalimu wa vibarua wapya. Kulipwa kwa kilo nako kunamfunga, kwa kuwa kila saa atakayoitumia kujifunza kitu kingine ni saa ya njaa, na atakayemlipa saa hiyo ni mwajiri au hayupo.

Shuleni mlango umefunguka kidogo. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala mpya unampima mtoto kwa viwango kama kukaribia matarajio na kufikia matarajio, lugha inayokubali kwamba safari bado inaendelea. Lugha peke yake haitoshi kama mwalimu ana darasa la watoto themanini na hana nafasi ya kumrudia aliyekwama. Hilo linahitaji pesa za serikali, na mjadala wake ni mrefu.

Kwenye chai, gharama ya kuanza ni ndogo zaidi. Mizani ya kielektroniki ya vituoni tayari inaandika namba ya mkulima na kilo zake, na karani tayari anayakagua majani kabla ya kuyapima. Kiwanda kingeweza kuweka alama ya ubora karibu na kilo hizo, kikamtumia mkulima kwa simu kila mwezi, na kikatenga sehemu ya bonasi kwa alama hiyo badala ya kuigawa yote kwa uzito. Ugomvi utakuwepo: makarani watashawishiwa kwa kitu kidogo, wenye mashamba makubwa kwenye bodi za viwanda watasema ni usumbufu, na mwaka wa kwanza malalamiko yatajaza ofisi. Bado ningependa wakurugenzi wa kiwanda kimoja tu, Kapkatet au Kapkoros, wawaeleze wakulima wao katika mkutano mkuu kwa nini jambo hilo lisijaribiwe kwa misimu miwili.